Madaftari Mawili Yasiyokutana

Kaskazini mwa Mlingotini, ukishapita Kaole na mji wa Bagamoyo, pwani inafika mahali Mto Ruvu unapojimwaga baharini. Kusini, ukifuata ufukwe ukapita Mbweni, unaingia Ununio, ukingo wa Dar es Salaam. Kijiji chenyewe kiko katikati, nyuma ya mikoko na ghuba yake ndogo ya maji yaliyotulia, pamoja na wavuvi wake na akina mama wa mwani. Anayeishi hapa anajua jambo ambalo mtu wa ofisini hulazimika kuelezwa: mkondo wa bahari yetu unakwenda kaskazini karibu mwaka mzima, na msimu wa kusi unakwenda kwa kasi zaidi. Kilichoangukia majini upande wa Dar kinaweza kuibukia huku. Na maji hayaleti mbao na madumu peke yake.

Desemba 2016 miili ya watu ilikutwa katika Mto Ruvu, kata ya Makurunge, wilaya hii hii ya Bagamoyo, ikiwa imefungwa ndani ya viroba. Ilizikwa huko huko. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule, Mwigulu Nchemba, alisema huenda ni ya wahamiaji haramu. Mwezi mmoja kabla, Novemba 2016, Ben Saanane, msaidizi wa Freeman Mbowe, mwenyekiti wa wakati ule wa chama cha upinzani cha Chadema, alikuwa ametoweka. Wapo waliouliza siku zile zile kama mambo hayo mawili yanahusiana, wakataka vipimo vya vinasaba. Sisemi yanahusiana, na sina ushahidi wa kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba lile lilikuwa swali lenye njia ya kujibiwa, tena njia ya maabara, isiyohitaji shahidi jasiri wala mtu wa kuungama. Majina ya watu wale wa mto hayajawahi kusomwa hadharani. Saanane naye hajaonekana.

Septemba 2024 ikaja zamu ya upande wa kusini. Ali Kibao, kiongozi wa Chadema, alipanda basi Dar es Salaam kwenda Tanga. Watu wenye silaha walilisimamisha basi Tegeta, wakamshusha na pingu mkononi mbele ya abiria. Siku iliyofuata mwili wake ulikutwa Ununio, umepigwa na kumwagiwa tindikali usoni. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza uchunguzi. Mwaka mmoja baadaye, 6 Oktoba 2025, ilikuwa Ununio hiyo hiyo ambako Humphrey Polepole, aliyekuwa balozi nchini Cuba kabla ya kujiuzulu, alichukuliwa nyumbani kwake.

Familia ya Kibao ilipata mwili, ikasali, ikazika. Ni vigumu kuiita hiyo bahati, lakini ukikaa na familia ambazo hazikupata hata hilo utaelewa kwa nini neno hilo huwaponyoka.

Katika wilaya zetu za pwani kuna madaftari mawili. La kwanza liko kituo cha polisi: jina la aliyeripotiwa kupotea, umri, nguo alizovaa, siku alipoonekana mara ya mwisho, na namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa, ambayo familia huondoka nayo kwenye kikaratasi. La pili limetawanyika mahali pengi, kwa mtendaji wa kijiji, mochwari, ofisi ya afya ya halmashauri: mwili wa mwanamume, haujatambuliwa, umeokotwa ufukweni, umezikwa. Moja lina majina yasiyo na miili, jingine lina miili isiyo na majina. Nimekaa meza ya uhariri muda wa kutosha kuamini kwamba macho ya umma juu ya watu waliopotea zamani hayategemei huruma, kwa maana huruma ya Watanzania haijawahi kupungua. Yanategemea kama kuna mtu anayelazimika kuyafungua madaftari hayo mawili pamoja, kwa tarehe inayojulikana, na kusema alichokiona.

Niseme kwanza jinsi habari ya mtu aliyepotea inavyokufa, kwa sababu watu wengi hudhani huuawa. Mara nyingi hufa yenyewe. Chumba cha habari kinaishi kwa jipya. Wiki ya kwanza jipya lipo: picha, ndugu analia, kamanda wa polisi wa mkoa anasema uchunguzi unaendelea. Wiki ya pili mwandishi anapiga simu kwa kamanda yule yule, anapewa kauli ile ile, mhariri anamuuliza, "Sasa hapa kichwa cha habari ni nini?" Nimeuliza swali hilo mwenyewe mara nyingi na ningeliuliza tena kesho, maana gazeti haliwezi kuchapa kimya. "Uchunguzi unaendelea" ni kauli yenye nguvu ya ajabu: hakuna awezaye kuikanusha, na hakuna awezaye kuiandika mara mbili. Mtu aliyepotea kwa asili yake hana jipya. Kupotea kwenyewe ndiko kutokuwa na jipya.

Tazama Azory Gwanda. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, miongoni mwa walioripoti mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji wakati wengi wetu tulikuwa tunazungukazunguka. Tarehe 21 Novemba 2017, kwa maelezo ya mkewe, alifika shambani akiwa na watu ndani ya Land Cruiser nyeupe, akauliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akasema amepata safari ya dharura na asiporudi siku ile atarudi kesho yake. Mke alipofika nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa. Alikuwa mjamzito. Kibiti iko mkoa wa Pwani, mkoa mmoja na Bagamoyo.

Sasa fuatilia ni lini jina la Azory lilirudi kurasa za mbele. Novemba 2018 lilirudi, kwa sababu maofisa wawili wa Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, Angela Quintal na Muthoki Mumo, walikamatwa hotelini Dar es Salaam. Julai 2019 lilirudi kwa kishindo, kwa sababu Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, kisha ikabidi kauli hiyo ifafanuliwe upya. Mara hizo mbili aliyemrudisha Azory magazetini alikuwa mtu wa serikali, bila kukusudia. Katikati ya hapo zilibaki kumbukumbu za kila Novemba na ubishi wa gazeti lake, ambalo kwa haki lisifiwe, halikukubali aitwe marehemu wala asahaulike. Lakini kumbukumbu ya mwaka ina udhaifu wake. Mwaka wa kwanza ni habari. Mwaka wa tatu ni safu kama hii. Mwaka wa saba ni aya mbili ukurasa wa ndani na picha ile ile, ambayo sasa ni ya kijana kuliko alivyo mtu mwenyewe, kama yu hai.

Watu hupenda kulinganisha na mfanyabiashara tajiri Mohammed Dewji, nami nitalinganisha, ila si kwa sababu wanayoitoa wengi. Dewji alitekwa alfajiri ya 11 Oktoba 2018 alipokuwa akienda mazoezini katika hoteli moja Dar es Salaam. Familia ikatangaza shilingi bilioni 1 kwa atakayetoa taarifa. Tarehe 20 alipatikana viwanja vya Gymkhana. Mtaani husemwa ilikuwa pesa. Pesa ilikuwepo, ndiyo. Kilichofanya kazi kwa mtazamo wangu ni kwamba kila siku katika siku zile kulikuwa na ofisa aliyelazimika kusimama mbele ya kamera na kusema neno tofauti na la jana: kamera za hoteli, gari lilipita njia gani, nani ameshikwa. Umma haukuhitaji kuhimizwa kukumbuka kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa inauzalishia jipya. Familia ya mvuvi, ya dereva wa bodaboda, ya diwani wa wilaya ya mbali haiwezi kununua bilioni moja ya kauli. Simon Kanguye alikuwa mwenyekiti wa Halmashauri ya Kibondo, mtu wa cheo kabisa, akatoweka Julai 2017. Waulize abiria kwenye daladala la Bunju kama wanalijua jina hilo.

Wala si wa siasa peke yao. Desemba 2014 mtoto wa miaka 4 mwenye ualbino alichukuliwa kwao wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza. Polisi walitangaza zawadi. Hakupatikana. Wapo pia mabinti waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani wakaacha kupiga simu. Hao hata kwenye daftari la polisi huwakuti, kwa sababu mama anapofika kituoni anaambiwa mtoto wake ni mtu mzima na alisafiri kwa hiari yake.

Basi mzigo wa kukumbusha unaangukia familia, na hapa ndipo sisi tulio nje huwa hatuoni gharama. Tangazo lenye picha lina namba ya simu. Siku hiyo hiyo matapeli wanaanza. Nchi iliyotunga "ile hela tuma kwenye namba hii" haiwezi kumwacha mama mwenye mtoto aliyepotea: kuna anayesema amemwona Tunduma, atumiwe nauli, kuna anayesema yuko mahabusu fulani, chai ya askari ni elfu hamsini, kuna mganga. Familia hulipa, hata ikijua, kwa sababu kutolipa ni kama kukubali. Baada ya muda namba hubadilishwa, na matangazo yote ya zamani yanakuwa na simu isiyopatikana. Nikiulizwa ushauri wa kwanza kwa familia, si hashitegi wala mkutano na waandishi. Ni namba moja isiyo ya mama wala mke, inayoshikwa na mtu mwenye moyo mgumu kidogo, shangazi au wakili, na isibadilishwe kamwe.

Ushauri wa pili ni karatasi. Maneno ya simu kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, hayakumbukwi na mtu. Barua yenye muhuri wa kupokelewa ina tarehe, na tarehe ni jipya ambalo mhariri anaweza kulishika: "Leo ni siku ya tisini tangu familia iandike, haijajibiwa." Maombi mahakamani yana nguvu hata yakishindwa. Kada wa Chadema Deusdedith Soka na wenzake wawili walipotoweka Temeke Agosti 2024, mawakili walikwenda Mahakama Kuu wakitaka waletwe. Maombi yalitupwa kwa kukosa ushahidi wa nani anawashikilia, lakini mahakama iliwaambia polisi waendelee kuwatafuta. Wengi waliona kushindwa. Mimi niliona amri ya mahakama ambayo mtu anaweza kuiulizia kila mwezi: mmetafuta wapi?

Pwani ina uzoefu wake wa zamani wa watu wasiorudi, na ni vyema kuutazama kabla ya kuiga ya wengine. Mtu akipotea baharini vijiji kama hivi havijiulizi la kufanya. Vyombo hutoka kumtafuta, vya kijiji na vya jirani, wavuvi wa bandari nyingine wanapigiwa simu, watu wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za ufukweni, wanaarifu mamlaka. Siku zikipita bila dalili, wazee na masheikh hukaa. Husaliwa sala ya maiti wa ghaibu, khitma husomwa, watu wanakula, wanalia pamoja, na mke anajua hesabu ya eda yake inaanzia wapi. Kivuko cha Spice Islander kilipozama usiku wa 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, hata idadi ya waliokuwemo ilibishaniwa, na wengi hawakuopolewa, lakini waliobaki waliruhusiwa kuwalilia. Bahari inajulikana ilichofanya.

Aliyepandishwa kwenye gari haruhusiwi kuliliwa. Ukimsalia, umemuua kwa mdomo wako. Usipomsalia, unaishi na kiti chake. Fiqhi inamjua mtu huyu tangu karne nyingi, inamwita mafkudi, na wanazuoni hawakuafikiana juu ya mkewe. Imam Malik alisema miaka minne kisha eda ya miezi minne na siku kumi. Imam Shafi alisema hivyo katika kauli yake ya kale, kisha katika kauli mpya akasema asubiri mpaka ipatikane yakini. Pwani yetu ni ya Shafi, kwa hiyo mjadala huo si wa vitabuni tu. Sheria ya serikali nayo ina dhana yake ya kifo: Tanzania ni miaka mitano bila kusikika, Kenya ni saba. Mwanamke anayehitaji kugawa mirathi, kufungua akaunti ya benki ya mume, kuuza shamba alipie ada, analazimika kwenda mahakamani kuomba mumewe atamkwe marehemu. Siku anapofanya hivyo, mtu fulani ofisini anapumua: familia yenyewe imekubali amekufa, jalada la nini tena? Kisheria hiyo si kweli hata kidogo, kwa kuwa mtu aliyedhaniwa amekufa bado anaweza kuwa ameuawa, na mauaji hayana ukomo wa muda. Lakini nimeona jinsi hoja hiyo inavyofanya kazi vichwani, hata vichwani mwa waandishi.

Na kuna kunyamazishwa, sitaki kujifanya sioni. Oktoba 2024 gazeti la The Citizen liliweka mtandaoni katuni ya vikaragosi: watu kwenye televisheni, mmoja baada ya mwingine, wakitaja ndugu zao waliopotea. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa siku 30. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa nchini, na pale ndipo majina mengi ya waliopotea yalikuwa yakitajwa kila asubuhi. Kinachonishangaza ni jinsi kampeni nyingi zilivyokuwa zimeweka mayai yote humo. Hashitegi ikizimwa, kila kitu kimezimwa: picha, tarehe, mashahidi waliokuwa wameandika chini yake. Karatasi haina swichi.

Kumbukumbu ya nyumbani nayo ina nguvu kuliko tunavyoihesabu. Abdullah Kassim Hanga, aliyekuwa kiongozi wa juu wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, alikabidhiwa Zanzibar kutoka Bara mwaka 1969 na hakuonekana tena. Hakuna gazeti lililohesabu siku zake. Binti yake, Yelena Khanga, alikulia Moscow kwa mama yake, akawa mwandishi wa habari, akaja mpaka Zanzibar kuutafuta ukoo wa baba, na mwaka 1992 akatoa kitabu Marekani. Zaidi ya nusu karne baadaye jina la Hanga bado linatajwa barazani Unguja kila wanaposimulia enzi zile, pamoja na la mwanasiasa mwenzake Othman Sharif. Lakini kutajwa hakujaleta kaburi. Hapo ndipo mpaka wa kumbukumbu ulipo: inalinda jina, haifungui daftari.

Madaftari hufunguliwaje? Mfano ninaopenda kuutoa hauko Ulaya, uko Malindi. Mwaka 2023 makaburi ya halaiki ya msitu wa Shakahola yalipoanza kufukuliwa, miili ilizidi 400. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilifungua dawati la kutafuta watu pale pale, familia zikaja na majina na picha, orodha ya waliotafutwa ikapita 600. Familia zilitoa sampuli, miili ikatolewa sampuli, maabara ikaanza kulinganisha. Machi 2024, miili ya kwanza ilipokabidhiwa, ni 34 tu iliyokuwa imetambuliwa. Wakenya walilalamika juu ya kasi hiyo, na walikuwa na haki. Mimi niliyatazama kutoka upande huu wa mpaka nikaona madaftari mawili juu ya meza moja. Kabla ya hapo, Januari 2022, wanaharakati walipofichua miili iliyokuwa ikiopolewa Mto Yala na kujaa mochwari ya hospitali ya Yala, makachero walitumwa kuchukua alama za vidole, na familia zilizokuwa zikitafuta watu wao katika kaunti za mbali zikaanza kupata majibu ya kutisha lakini majibu. Mto Yala na Mto Ruvu ni habari moja mpaka ukurasa wa kwanza. Baada ya hapo moja iliendelea.

Macho ya umma juu ya Yala hayakushikiliwa na hisia. Kila mwili uliotambuliwa ulikuwa habari mpya, yenye kijiji, yenye mama, yenye tarehe ya kutoweka. Ulinganisho ndio uliozalisha habari. Ndiyo maana sina imani kubwa na orodha zinazotangazwa kwa jumla yake tu. Agosti 2024 Chama cha Mawakili wa Tanganyika kilitoa orodha ya watu 83. Juni 2025 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema matukio ya kutoweshwa watu Tanzania tangu 2019 yanapita 200. Namba hizo zilisomwa kwenye taarifa ya habari, zikajibiwa kwa ukali, zikapita. Orodha ya mawakili ilikuwa bora kwa sababu ilikuwa na majina, na jina linaweza kutafutwa mtaani. Namba inabishaniwa ikiwa ni kubwa au ndogo, na wakati tunabishana hakuna anayetafutwa.

Nchini kwetu vifaa vipo, tena vya muda mrefu. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya 1980 inataka kifo cha mashaka kichunguzwe, na inamhusisha hakimu. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 ipo. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima vinasaba kila wiki kwa ajili ya kesi za jinai na za watoto wanaogombewa baba. Kinachokosekana ni amri rahisi: mwili usiotambuliwa usizikwe kabla ya kuchukuliwa sampuli, picha, alama za vidole na maelezo ya meno na nguo, kaburi lipewe namba, namba hiyo iandikwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma. Mkataba wa kimataifa wa kulinda watu wasitoweshwe, uliopitishwa 2006 na kuanza kutumika 2010, haujaridhiwa na Tanzania, na ningependa uridhiwe, lakini kuweka namba kaburini hakuhitaji New York.

Hoja ninayoisikia kutoka kwa polisi ni kwamba baadhi ya wanaoripotiwa wamejiteka wenyewe, wamekimbia madeni, ndoa au kesi. Inawezekana kabisa. Mtu anayejificha Songea kwa sababu ya mkopo wa kausha damu yupo, namjua wa aina hiyo. Rejista ya wazi inawasaidia polisi kuliko mtu yeyote: aliyepatikana hai anafutwa, inaandikwa amepatikana, na waliobaki wanaonekana ni akina nani hasa. Anayesema waliojiteka ni wengi angekuwa wa kwanza kuitaka rejista hiyo.

Baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 jambo hili limekuwa zito zaidi ya uwezo wa safu moja. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema imepokea taarifa za miili kuondolewa barabarani na hospitalini na kupelekwa kusikojulikana. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kwa familia iliyozunguka mochwari kutoka Mwananyamala hadi Bagamoyo ikitafuta kijana, swali la sampuli na namba za makaburi lilikoma kuwa la wataalamu siku ile. Tume yoyote isiyouliza kila mwili usiotambuliwa ulizikwa wapi na nani alitia saini itakuwa imechunguza mambo mengine.

Kwa upande wa pwani, pa kuanzia ni padogo kuliko Dodoma. Mwili ukiibukia ufukweni, wa kwanza kuuona ni mvuvi au mama anayekwenda kwenye mwani maji yakipwa. Anamwambia mwenyekiti wa kitongoji, naye mtendaji, naye polisi. Mlolongo huo upo tayari na unafanya kazi, kwa sababu hakuna anayetaka kushikwa na kesi. Ungeongezewa kitabu kimoja tu katika kila ofisi ya BMU kutoka Kunduchi hadi Saadani, chenye safu tano: tarehe, mahali, jinsia na maumbile, nguo, umezikwa wapi. Halmashauri ikusanye nakala kila robo mwaka na kuibandika ubao wa matangazo pamoja na zile za mapato na matumizi. Kuna watakaosema wavuvi wataogopa kuandika. Wavuvi wanaogopa kuitwa mashahidi wa nani kafanya nini. Kuandika kwamba maji yameleta mwili wa mtu mwenye shati la bluu si ushahidi dhidi ya mtu yeyote.

La haraka zaidi ni upande wa familia. Ulinganisho wa vinasaba unahitaji ndugu wa karibu, na bora kuliko wote ni baba na mama. Waajentina waliliona hili mapema: mwaka 1987 walianzisha benki ya vinasaba ya familia za waliotoweshwa, wakihofia wazee watakufa kabla ya mifupa au wajukuu kupatikana, na sampuli hizo zimeendelea kutambulisha watu miongo mingi baada ya wenye damu kuzikwa. Wazazi wa vijana waliotoweka 2016 na 2017 wako hai baadhi yao leo, wengine ni wagonjwa. Sampuli ni pamba inayopitishwa ndani ya shavu, dakika moja, na ikitunzwa vizuri haiharibiki. Familia inaweza kuiomba kwa barua ya wakili kwa Mkemia Mkuu, nakala kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, muhuri wa kupokelewa ukigongwa juu. Wakikataliwa, kukataliwa kwenyewe kutakuwa na tarehe na saini ya mtu, na hiyo mhariri yeyote ataichapa.